Lenzi ya Kumwenea Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipojaaliwa kwenda Hija, alianza kusamehe watu. Alianzia Ole, alikozaliwa, akapitia Mgogoni kwa binti yake mkubwa, kisha akarudi kwetu Tibirinzi, alikokuwa akiishi, na furushi lake. Kila alipopita alitoa radhi na kuomba radhi, kama ilivyo ada ya mtu anayekwenda Makka asiyejua kama atarudi. Alimsamehe mwizi wa kuku wake. Alimsamehe mtu aliyemuuzia mbuzi mgonjwa. Alimsamehe hata mke mwenzake wa zamani, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akimwita "yule". Halafu akakaa kwenye mkeka uani kwangu, akanywa chai yangu, akasema mbele ya majirani zangu:

"Nshawasamehe wote. Kabaki mmoja. Alonikata."

Aliyemkata ni mimi.

Kamera ilikuwa ya mume wangu kwa jina. Aliinunua kwa Mwingereza mmoja wa ofisini kwao aliyekuwa akirudi kwao. Alipiga picha tatu, zote za baiskeli yake, akachoka. Mimi nilikuwa nimesoma sekondari Unguja, na kile kijitabu cha Kiingereza kilichokuja na kamera nilikimaliza kwa alasiri mbili huku nanyonyesha. Tangu hapo nikawa mpiga picha wa wanawake, kwa sababu hakuna mwanamume wa kazi hiyo anayeweza kuvuka pazia la mlango wa mtu. Wanawake wetu walitaka picha za dhahabu zao na nywele zao, si picha za buibui. Kwa hiyo picha zote nilizipiga uani.

Sasa, nyua za mji wetu wa Chake zimejengwa na watu wasiojua kamera. Mpiga picha mwanamume akitaka watu waenee anarudi nyuma, anavuka barabara, akipenda anarudi mpaka mikokoni. Mimi nikirudi nyuma hatua nne nakanyaga jiko. Siku ya Idi nilimpiga mama mkwe na mabinti zake watano, mgongo wangu umeegemea ukuta wa jiko na sufuria ya pilau inanichoma kisigino. Yeye alikaa mwisho kabisa, upande wa kulia. Picha ilipotoka, kilichoonekana kwake ni sikio moja, bega moja, na mkono ulioshika pepeo, basi.

Aliitazama muda mrefu. Akauliza, "Na mie nlobaki niko wapi?"

Ndiyo picha aliyokuwa akitembea nayo kwenye furushi, akiwaonesha watu ushahidi.

Nilimwendea mume wangu.

"Nataka lenzi pana."

"Unayo lenzi."

"Hii inaona watu watano. Mama yako ana mabinti watano."

"Piga mara mbili."

"Mama yako nimpige kwenye nusu ya kwanza au ya pili?"

Akasema kamera ni mchezo, na fedha za mchezo yeye hana. Aliyasema hayo akifuta spoku za baiskeli kwa nepi ya mtoto. Nepi safi. Nilikuwa nimeianua wakati huohuo.

Chake palikuwa na studio moja ya Mhindi. Mbele alikaa bwana, akipiga picha za wanaume. Nyuma alikaa mkewe, na huyo ndiye aliyesafisha filamu za wanawake, ili uso wa mke wa mtu usioshwe na mwanamume. Tulijuana kwa mlango huo wa nyuma. Nilikwenda na mtoto mgongoni na kikapu mkononi, kamera chini, mchicha juu.

"Hii," alisema, akaitoa lenzi ndani ya soksi ya mtoto. Ilikuwa fupi na nzito, imejaa kiganja kama kikombe cha kahawa. Ukingoni imeandikwa ishirini na nane. "Ya Kijerumani."

Niliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ndani kumeota ukungu kama utando wa buibui.

"Lakini ukungu wake wa Pemba," nikasema.

"Uko ukingoni tu. Picha haiuoni."

"Mimi nauona."

"Wewe si filamu, dada."

Niliizungusha kwenye kamera. Iliingia kama kifuniko kwenye chupa yake. Moyo ukaruka, lakini uso niliukunja, maana mnunuzi akicheka bei inapanda.

"Kama ni nzuri hivyo, mbona bwana anaiuza?"

Yule mama akatazama pazia la mbele, akashusha sauti. "Nikwambie kweli? Inanenepesha. Bwana alipiga walimu wa skuli moja wamejipanga mstari. Wa katikati wametoka sawasawa. Mwalimu mkuu alikaa pembeni, akatoka na uso kama fenesi. Alikataa picha, akatukana. Katikati mtu yuko salama, pembeni anavutwa kama chapati."

"Basi mbovu," nikasema, nikaiweka mezani.

Akajua amekosea kusema. Alikuwa ametaja shilingi themanini, akashuka mpaka sitini, akakwama hapo kama punda darajani. Mimi nilikuwa na thelathini na tano, zote za picha zangu.  Mtoto alijikojolea mgongoni kwangu na mimi sikutikisika. Mwishowe nikatia mkono chini ya mchicha, nikatoa kofia.

Niliishona kofia ile kwa miezi minne, kitundu kwa kitundu, iwe ya Idi ya mume wangu. Na kwenye studio ile, kwenye msumari karibu na pazia, ilitundikwa kofia ya kuazima wateja, pamoja na koti na tai, kwa wanaotaka kutoka waheshimiwa. Kofia hiyo ilikuwa imeshika mafuta ya vichwa vya watu kiasi cha kuweza kukaangia mandazi.

Yule mama aliigeuza kofia yangu ndani nje. Alikuwa mtu anayejua sindano.

"Ya nani hii?"

"Ya mtu anayesema kamera ni mchezo."

Akacheka mpaka bwana akaita kule mbele kuuliza kuna nini. Lenzi ikawa yangu. Na nusu ya wanaume wa Chake wa miaka ile, ukiwaona kwenye picha zao ukutani wametulia kwa heshima, wamevaa kofia ya mume wangu.

Nilipokuwa natoka akanishika mkono. "Sikiliza. Kijidirisha unachochungulia kwenye kamera yako ni cha lenzi ya kwanza. Kitakuonesha watu walewale watano. Wengine watakuwamo kwenye picha, lakini wewe hutawaona. Lenzi hii ina kidirisha chake cha kupachika juu."

"Kiko wapi?"

"Ninacho."

"Kiasi gani?"

"Kofia mbili."

Nilikuwa na mume mmoja tu. Nikaondoka bila kidirisha.

Zilibaki siku tatu mama mkwe asafiri. Mawifi zangu wote watano walikuja, wamejaa dhahabu na udi, wakapangana uani kwenye mikeka. Na mimi, kwa ujinga wa kusema kweli, nikawatahadharisha.

"Lenzi hii ina kasoro yake. Mtu akikaa pembeni hutoka mnene."

Wakatazamana kama watu walioambiwa siri ya mali. Kisha katikati pakahama pote.

Nilikuwa nimesahau niko wapi. Kijitabu changu kiliandikwa kwa ajili ya watu wanaolia wakinenepa. Kwetu mwanamke mwembamba ni aibu ya nyumba nzima: kama kaolewa, watu watasema mume hamlishi, na kama ni mzee anayekaa kwa mwanawe, watasema mkwe ndiye hamlishi. Hilo la pili nililijua vizuri. Mama mkwe alikuwa mwembamba kama ufito, na kila jirani alikuwa ameambiwa sababu yake ni jiko langu. Na alikuwa akila! Alikula kama mwashi. Ndizi, muhogo, papa, wali wa jana na wali wa leo. Chakula kilikuwa kinakwenda wapi, Mungu ndiye ajuaye.

"Pembeni pangu, mie ndiye mkubwa," alisema wifi wa Mgogoni.

"Weye umenenepa tangu kwa Mungu, tuachie sie wenye mifupa!"

"Upande wa kulia nimeshakaa, anitoe anayeweza."

"We, mkia wa kambare, nani akutazame?"

"Nyie, na katikati nani atakaa?" niliuliza. "Nimpige nani, kuku?"

Mama mkwe akasimama. "Ondokeni. Pembeni nakaa mie."

"Mama," alisema yule mkubwa taratibu, "pembeni ndipo ulipokatwa."

Hapo hata udi uliacha kunukia. Mama mkwe alisimama kati ya mikeka akipima. Akikaa katikati atatoka mzima na mwembamba. Akikaa pembeni atatoka mnene, kama atatoka.

"Mie nataka vyote viwili," akasema, akaketi pembeni, kulekule kulia.

Nilichungulia. Kijidirisha kikanionesha mabinti wanne na nusu ya wa tano. Mama mkwe hayumo.

"Mama, tulia hapohapo. Sikuoni, lakini umo."

"Hunioni?"

"Kwa macho nakuona. Humu kwenye kamera sikuoni."

"Basi ushanikata!"

"Hujakatwa. Lenzi inakuona, mimi ndiye nisiyekuona."

"Maneno gani hayo ya kichaa?"

"Mama, wewe unakwenda Makka. Huamini ghaibu?"

"Ghaibu ya Mwenyezi Mungu naiamini. Ya Mjerumani siiamini, ng'oo!"

Akaanza kusogea ndani. Akisogea yeye, mawifi wanasukumana kwenda nje, mkeka mzima ukawa unatambaa upandeupande kama ngadu wa pwani. Mtoto mdogo analia mgongoni, mkubwa ameshaingiza mkono kwenye unga. Ukuta wa jiko unanichoma. Miezi mizima nimesemwa simlishi, nimesemwa nimemkata, nimekosa radhi peke yangu katika kisiwa chote, nyuma hata ya mwizi wa kuku. Nikasikia sauti yangu ikitoka kama ya mtu anayefukuza mbuzi shambani:

"Kaa!"

Akakaa. Mawifi wakakaa. Hata mtoto akanyamaza. Nikapiga tatu mfululizo kabla mtu hajakumbuka kwamba mkwe hakemewi.

Filamu niliipeleka jioni ileile, kisha nikangoja, na katika kungoja ule utani wote ukaniisha. Mama mkwe alikuwa mzee. Watu wa wakati ule waliokwenda Hija walikwenda na sanda zao, na wapo waliozikwa hukohuko. Kama angeondoka na kinyongo akafia mbali, nani angenipa radhi? Ningebaki na deni lake shingoni mpaka Kiyama, na sababu yake ni kijidirisha cha kofia mbili. Nilipika, nikafua, nikamjibu mume wangu mkato. Naye alikuwa anatafuta kofia yake kila kabati.

Asubuhi ya safari gari la kwenda bandarini Mkoani lilikuwa limeshasimama barabarani, limezungukwa na watu, nami ndiyo kwanza nagonga mlango wa nyuma wa studio. Yule mama alinipa picha bado ina umajimaji, katikati ya gazeti.

"Huyu wa pembeni ni nani?" aliuliza. "Mke wa mfalme?"

Sikutazama. Sikuwa na moyo wa kutazama. Nilikimbia nayo mpaka kwa mama mkwe, aliyekuwa kwenye kizingiti amevaa buibui, pasi ya safari imefungwa kifuani, nikamkabidhi.

Jicho lake lilianzia katikati, likapita mabinti mmoja mmoja, likafika mwisho wa kulia. Likakaa hapo.

Alikuwamo. Masikio mawili, mabega mawili, na bado ukabaki ukuta wa makuti wa upana wa kiganja. Shavu limeumuka kama mkate wa mofa. Mkono ulioshika pepeo ni mnene kama kinu.

"Ndo mie huyu?"

"Ndiye wewe, mama."

Hakuniambia asante. Aliinua picha juu ya vichwa vya watu, akawaita jirani zangu kwa majina ya watoto wao, mmoja mmoja, walewale aliowajaza maneno. "Njooni mtazame! Na mnasema mkwe wangu hanilishi?"

Niliuma ulimi. Ladha yake naikumbuka mpaka leo.

Dereva akapiga honi. Mama mkwe akaitia picha kifuani pamoja na pasi, akanishika mikono yote miwili.

"Nshakusamehe, mwanangu. Kwa roho safi. Na weye nisamehe mie."

"Lipi, mama?"

"Yote kwa jumla. Gari lanangoja."

"Nimekusamehe," nikasema. Na nilikuwa nimesamehe kweli, lakini midomo yangu haijawahi kunitii. "Yote isipokuwa moja. Hilo nitalisamehe ukirudi. Rudi ulifuate."

"Mwanamke jeuri weye! Moja lipi?"

Mabinti walikuwa wameshampandisha. Alitoa kichwa kwenye ubavu wa gari, uso umejaa wasiwasi wa mtu ambaye hesabu zake na Mungu hazijafungwa.

"La papa nlomficha chini ya kitanda?"

 Sikuwa na habari ya papa.

"La kusema mtoto hakufanana nasi?"

"Ulisema nini?"

Gari likaanza kwenda. Nililifuata, mtoto anarukaruka mgongoni.

"Au ni ile barua ya mama yako?"

"Barua gani?" nilipiga kelele. "Mama! Barua gani?"

Honi ikameza jibu lake. Nilisimama katikati ya barabara ya Tibirinzi, kanga imenivuka begani, mbele ya wanaume, na siku zote za Hija ile hakuna mtu, hata mwanawe wa kumzaa, aliyemwombea dua ya kurudi salama kama nilivyomwombea mimi.