Kitanda cha Gesti Sikukilalia

Mimi ni Ogada. Nilichuna chai Kericho miaka thelathini na moja. Mke wangu Jerusa alichuna miaka ishirini na sita, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Tulipostaafu tulinunua kaploti karibu na Kiptere, tukajenga. Alikufa mwezi wa pili. Nilimzika hapo hapo, nyuma ya nyumba. Ndugu zangu walitaka apelekwe kwetu ziwani. Nilikataa. Juu ya hiyo sitaki kusema mengi.

Chama chetu cha wachuna chai wastaafu kina gesti Nairobi. Kila mwaka mwanachama anapewa siku mbili za kulala huko. Mimi na Jerusa hatukuwahi kwenda. Tulikuwa tunangoja mguu wake upone.

Binti yetu Beverly, anayefanya kazi Bomet, ndiye aliyeniandikisha.

"Baba, unakaa peke yako ukiangalia ukuta. Enda upumzike."

Nikamwambia mama yake hajanijia bado.

Kwetu Wajaluo, mtu akifiwa na mke analala nyumbani kwake mpaka mke amjie kwa ndoto. Akishakuja, amekuachilia. Unaweza kulala popote. Lakini akija akute kitanda hakina mtu, anarudi zake, na wewe unabaki hivyo, hujaachiliwa. Mimi ni mtu wa kanisa. Hata hivyo hiyo ninaiamini.

"Hayo ni ya zamani, Baba. Mama mwenyewe angekucheka."

Ni kweli, angecheka. Nikaenda. Nilikuwa nimechoka kubishana.

Gesti ni safi. Chumba kilikuwa na vitanda viwili. Kimoja kilikuwa cha Kipkemoi, mzee wa Kipsigis niliyechuna naye shamba moja. Yeye alilala mara moja. Mimi nilikaa kwa kiti, viatu mguuni, mpaka kukacha. Nilijiambia, mtu ambaye hajalala kitanda kingine hajaacha chake.

Asubuhi akaingia Velma, mama anayetunza nyumba. Akaona kitanda changu kimetandikwa vile alivyokiacha. Uso wake ukabadilika.

"Mzee, umeona nini kwa hiyo shuka? Nilifua mimi mwenyewe."

"Hakuna kitu."

"Kama ni kunguni niambie mimi. Usiandike kwa kitabu cha wageni, tafadhali."

Kipkemoi akacheka. "Huyu aandike na nini? Kuandika hajui, hata jina lake kitabuni niliandika mimi. Usiogope, mama."

Sikutaka mtu afikiriwe vibaya kwa sababu yangu. Nikawaambia kwamba Jerusa hajanijia bado. Velma akaketi kwenye ukingo wa kile kitanda.

"Ni miezi mingapi, Mzee?"

"Minne."

"Babangu alingoja mwaka mzima. Sisi pia ni Wajaluo, wa Siaya, najua."

Kipkemoi alikuwa akivaa soksi. "Jerusa? Yule aliyekuwa akinipita kwa mstari huku anaimba, kikapu kimejaa? Huyo hawezi kukosa njia. Lala tu, Ogada. Atakufuata mpaka hapa."

"Hajui Nairobi," nikasema.

Kipkemoi hakucheka tena.

Velma akaleta chai. Ilikuwa nyepesi, ya maziwa mengi, lakini nilikunywa. Akasema, "Enda nyumbani, Mzee. Siku iliyobaki nitakuwekea. Ukiwa tayari utapiga simu."

Kipkemoi alinisindikiza mpaka steji, akabeba begi yangu bila kuombwa, akiitukana ile chai njia yote. Aliponiaga alinishika mkono kwa mikono miwili.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado halijatua. Nilifagia chumba, nikafungua dirisha. Nikalala upande wangu, nikamwachia wake. Mwili ulikuwa mzito, nililala kama gunia mpaka ng'ombe wa jirani akaniamsha.

Hakuja.

Beverly akapiga simu. "Baba, Nairobi ikoje?"

"Niko nyumbani."

Nilingoja anigombeze, hakunigombeza.

"Amekuja?"

"Bado."

"Nitakuja Jumamosi nikupikie."

Nikamwambia aje, lakini asiniandikishe mahali pengine.