Viwavi wa Bi Pampu

Hasidi hana sababu, wanasema, lakini Bi Pampu alikuwa nazo, tena tele, na alikuwa tayari kumtajia yeyote aliyesimama karibu naye zaidi ya dakika mbili. Ya kwanza, wifi yake alikuwa na meno mazuri na alijua kuyatumia. Ya pili, kaka yake, ambaye zamani hakununua hata jembe bila kumwuliza dada yake, siku hizi kila alichosema alikianza kwa "mke wangu anasema." Ya tatu ndiyo iliyomkaa rohoni na kukataa kutoka: wifi huyo huyo alikuwa ameingilia kazi ya dawa.

Na kazi ya dawa ilikuwa yake. Tangu abaki mjane, miaka kumi na tisa sasa, yeye ndiye aliyepiga dawa kabichi za kikundi chote cha wakulima wa pale bondeni, mashamba kumi na manne, kuanzia miche hadi mavuno. Mwanzoni wanaume walimcheka. Baadaye walimsubiri asubuhi wakiwa wamesimama kando ya mashamba yao kama wagonjwa wanaomsubiri daktari. Pampu ya mgongoni ilimshusha bega la kushoto, likabaki hivyo hata akiwa hana mzigo, na jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika kabisa. Alilipenda hili jipya. Mtu akiita "Bi Pampu!" barabarani aligeuka taratibu, ili waliopo wote waone ni nani anayeitwa.

Alikuwa na kanuni moja tu. Dawa ya kweli huonekana mchana huo huo: unapiga asubuhi, kufika saa sita viwavi wako chini, unawakanyaga ukienda kunywa chai. Lakini kwa misimu miwili viwavi hawakuwa wakianguka kama zamani. Bi Pampu alisema mvua imeosha dawa. Mvua ilipokosekana, alisema duka limeuza dawa feki. Kipimo cha kifuniko kimoja kikawa viwili, kisha vitatu, na kabichi bado zilitoka shambani zimetobolewatobolewa. Hakuna aliyethubutu kumwuliza. Ungeanzia wapi?

Wifi ndiye aliyeanza. Kabla ya kuolewa alikuwa muosha vyupa katika maabara moja ya utafiti wa kilimo, na huko, kwa kusikiliza huku akisugua, alitoka na mambo kichwani. Siku moja alikuja kwenye kikao cha kikundi na pakiti ya unga wa rangi ya udongo.

"Humu mna bakteria," alisema. "Hawa wapo hata kwenye udongo tunaoukanyaga. Tunachanganya na maji, tunapiga jioni, maana jua kali linawaua. Kiwavi akila jani lenye hawa, utumbo wake unaharibika, anakufa. Mtu hadhuriki, wala nyuki."

"Ngoja nielewe," akasema Bi Pampu. "Tunamsubiri kiwavi aumwe tumbo? Na zahanati tutampeleka?"

Kikao kizima kiliangua kicheko, hata kaka yake, na Bi Pampu akajisikia vizuri kama mtu aliyevua viatu vinavyombana. Lakini kaka yake, ambaye ndiye mwenyekiti, alifuta machozi ya kicheko na kusema mke wake atajaribu kwenye shamba lao Jumanne jioni, na Jumamosi saa nne kikundi kitaamua nani apige dawa msimu huu. Aliyasema haya bila kumtazama dada yake. Kule kutotazamwa kulimuuma kuliko maneno yenyewe.

Jumatano asubuhi, umande haujakauka, Bi Pampu alikuwa ndani ya shamba la kaka yake amechutama, akifunua jani baada ya jani. Viwavi walikuwepo. Wazima! Nusura apige vigelegele. Alichukua saba, akawatia kwenye chupa ya jemu pamoja na jani lile lile walilokuwa wamelikalia, lenye dawa yake na matobo yake, ili mtu asije akasema amewatoa kwingine. Kifuniko akakitoboa kwa msumari. Kisha akazunguka bonde zima na chupa mkononi.

"Oneni wenyewe," alisema kwenye kila mlango. "Wamelala na bakteria, wameamka wazima."

Alimalizia kwa wifi yake, aliyekuwa akifua.

"Wifi, subiri kidogo," yule mwanamke alisema, mikono imejaa povu. "Hawafi siku ile ile. Kwanza wanaacha kula. Siku ya tatu hivi ndiyo utaona."

"Wamegoma kula? Wana madai gani?"

Wifi alicheka. Ndivyo alivyokuwa: ukimpiga dongo, anacheka nawe, tena kwa yale meno. Bi Pampu alirudi nyumbani akiwa amekasirika kuliko alivyokwenda. Aliifunika chupa kwa kitambaa, akaiweka juu ya rafu ya stoo karibu na pampu, na hakuigusa tena. Kiwavi aliye juu ya jani la kabichi ana haja gani ya kuangaliwa?

Jumamosi saa moja asubuhi aliivuta chupa ile. Alikuwa amevaa gauni lake la vikaoni. Akaondoa kitambaa.

Saba wote walikuwa wamekufa. Walikuwa weusi, wamelegea, wawili wamegandia kioo. Jani lilikuwa limenyauka, lakini matobo yake yalikuwa yale yale ya Jumatano, hakuna hata moja lililoongezeka. Siku tatu wamekaa juu ya chakula na hawakukigusa. Bi Pampu alilitazama jani lile kwa muda mrefu, na kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa aibu. Kilikuwa wivu, mbichi: yule muosha vyupa alijua. Alijua siku, alijua na namna watakavyokufa, na alikuwa ameyasema hayo huku akifua nguo, kama mtu anayesema kesho ni Jumapili.

Basi akafanya lile ambalo mtu mwenye wivu hulifanya. Aliosha chupa, akaifuta, akaenda shambani kwa kaka yake kutafuta saba wengine wazima.

Alipita safu ya kwanza hadi ya kumi na mbili. Akafunua majani mpaka kiuno kikalia. Alikuta viwavi weusi wamening'inia kwa miguu ya nyuma, alikuta wengine wamekauka. Mmoja tu alikuwa na rangi ya uhai, na huyo alipomgusa alidondoka bila kujikunja. Katikati ya kila kabichi majani machanga yalikuwa yameanza kujifunga, laini, hayana tobo. Zilipendeza, na yeye alizionea wivu hata kabichi. Saa tatu ilikuwa inakaribia, na chupa ilikuwa tupu.

Shamba lake mwenyewe lilikuwa ng'ambo ya mfereji. Alilipiga dawa asubuhi ya Jumanne ile ile, vifuniko vitatu. Aliruka mfereji, gauni na yote, akainamia kabichi ya kwanza na kuifunua.

Wa kwanza huyu hapa. Wa pili, wa tatu. Wanene, kijani, wanajikunja na kujikunjua, kinyesi chao kimejaa kwenye mashina ya majani. Alifurahi. Kweli kabisa, kwa muda wa kuokota viwavi watano alifurahi kama mtu aliyepata alichopoteza. Kwa wa sita mkono wake ukasita. Aliangalia pale alipokuwa amechutama, shamba la nani, kisha akamwokota wa sita na wa saba. Kinyozi hajinyoi, watu husema, lakini kinyozi angalau hujua kichwa chake kina nywele.

Kikao kilikaa saa nne kamili. Bi Pampu aliiweka chupa mezani, akarudi nyuma hatua moja. Viwavi saba walipanda na kushuka. Wakulima waliinuka vitini, wakanong'ona, mmoja akasema, "Si nilisema mimi?" ingawa hakuwa amesema lolote. Kaka yake aliinamisha kichwa. Hatimaye akamtazama dada yake, lakini kwa macho ya kuomba radhi, na ushindi ulikuwa pale mezani ukisubiri kuchukuliwa.

Wifi aliichukua chupa, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Jani lilikuwa linaliwa mbele ya macho ya watu, ukingo wake unapungua. Halafu akatazama upindo wa gauni la Bi Pampu, uliokuwa na tope la mfereji, na Bi Pampu akajua kwamba mwenzake amejua.

"Wifi," akasema yule mke wa kaka yake polepole, kwa sauti ya kumsitiri, "labda hawa ni wa safu za pembeni. Kule mwisho kiza kiliniingilia, sikupiga vizuri. Itakuwa ni wa huko, siyo?"

Mlango wa kutokea huo hapo, umefunguliwa. Bi Pampu alihitaji tu kusema ndiyo. Angetoka na jina lake, wifi angebeba lawama, na hakuna mwingine angejua. Akamtazama yule mwanamke aliyeshika chupa kwa mikono miwili, anayengoja, asiye na hasira hata chembe, na wivu ukampanda kuliko siku zote. Amchukue kaka yake, sawa. Achukue na kazi. Lakini ampite hata kwa moyo? Hilo, hapana. Hilo asingempa.

"Si wa pembeni," Bi Pampu alisema, kwa nguvu, ili mpaka wa nyuma wasikie. "Shambani kwenu nimetafuta tangu saa moja, nimekosa hata mmoja. Hawa nimewatoa kwangu. Kabichi ya kwanza tu. Ya pili sikuhitaji hata kuifikia."