Kikohozi cha Mgawa Maji

Mgawa maji wa kijiji chetu, nyuma ya Nizwa, hakuwa mtu wa makelele. Alipita ukingoni mwa falaji, mfereji ulionywesha mashamba yetu kwa zamu, kanzu kaifunga kiunoni, macho kwenye kivuli cha kijiti chake cha jua. Kivuli kikigusa jiwe la zamu, alikohoa, na kikohozi kile kiliogopwa na wenye mashamba wote. Kisha husema "khalas" kwa upole, kama anayemwamsha mgonjwa, na vidole vyake vilivyokunjamana kwa maji huziba mlango wa shamba kwa jiwe na tambara. Ukimsihi, anakuonyesha kivuli, kana kwamba ndicho kilichokataa.

Mwaka ule wa sabini na tatu alimkoholea hata mkewe, Bi Ghaniya, aliyekuja na mbegu za mchicha ndani ya mkoba kutoka Unguja. Maji yalikuwa yamefika nusu ya tuta lake la mchicha.

"Mchicha huu si unaula wewe?" akamuuliza.

Akamwonyesha kivuli. Maji yakaenda kwa jirani yao, Soud.

Adhuhuri Bi Ghaniya akampakulia wali, akaanza kuumiminia mchuzi wa papa. Ulipolowa nusu ya sahani, akakohoa.

"Khalas," akasema kwa upole, akachukua bakuli la mchuzi, akampelekea mke wa Soud.

Aliporudi alimkuta mumewe anamalizia nusu kavu, punje kwa punje, bila kulalamika. Tonge la mwisho likamkwama, akaomba maji ya kunywa. Bi Ghaniya akatazama kwanza kivuli cha mlango.