Kombe Lililochongwa Ijumaa

Jumatatu nilikuwa Mbale, dukani kwa fundi wa kuchonga mihuri, nikisubiri muhuri wangu. Akaingia dada mwenye plasta juu ya jicho, akaweka kombe kwenye kaunta. Alikuwa nahodha wa timu ya wanawake ya raga ya Jinja. Jumamosi walikuwa wamewashinda Mbale kwenye fainali, kwa mara ya kwanza tangu waanze kukutana.

"Soma," alimwambia fundi. Utepe ambao waandaaji walifunikia maandishi uwanjani alikuwa ameshauondoa.

Fundi alisoma, akavua kofia yake, akaivaa tena. Maandishi yalisema: Mabingwa, Wanawake wa Mbale.

"Bwana, ulichonga lini?"

"Ijumaa, kabla ya swala. Kila mwaka wanachukua wao, dada. Niliona nisiwacheleweshe."

"Na sisi tulikuja kufanya nini? Kuwapigia makofi?"

Fundi akachukua msasa afute. Nahodha akayafunika maandishi kwa kiganja.

"Usifute. Ongeza chini yake: Walishindwa na Jinja."

"Dada, mimi ni mtu wa Mbale."

"Ndiyo maana nataka uandike wewe."

Akaandika. Mkono ulikuwa mzito, lakini herufi zilinyooka.

Simlaumu sana. Kwa rekodi ile ya Jinja, wengi wetu tungechonga Ijumaa. Nasikia kombe sasa liko Jinja, mtaa wa Mpumudde, sebuleni kwa nahodha, na mgeni akifika huonyeshwa mstari wa pili kwanza.