Kitambaa cha Kamba Kumi na Mbili

Jiwe la kwanza lilitupata kwenye barabara ya Likasi, Jumapili moja baada ya misa, gari likiwa na wiki tatu tu mikononi mwetu. Lori la mgodi lililokuwa mbele yetu lilirusha kajiwe kasikozidi punje ya haragwe, kakagonga kapo, yaani mfuniko wa injini, kakaenda zake. Mume wangu alisimamisha gari pembeni, akashuka, akainama, akabaki ameinama muda mrefu hata watoto wakaanza kunong'onezana kwamba tumegonga mtu. Niliposhuka nikaona kidoa kimoja cheusi kwenye rangi nyeupe, kama mbu aliyepondwa ukutani. Nami kwa ujinga wangu nikacheka.

Kicheko hicho nimekilipia. Gari lenyewe tulikuwa tumelingoja miaka. Lilikuja kwa njia ndefu, kutoka Dar es Salaam kupita Zambia, kubwa, refu, la viti saba, na jambo ambalo mume wangu alimsimulia kila mgeni halikuwa injini wala viti, ilikuwa rangi. Rangi ya kiwandani, alisema, haijaguswa na fundi hata mmoja. Jioni ya siku ile ya jiwe alichukua chupa yangu ya rangi nyeupe ya kucha, bila kuomba, akaketi kwenye kibao mbele ya gari na kupaka kile kidoa kwa brashi ndogo, ulimi ukiwa umetoka pembeni ya mdomo. Mimi kucha zangu hajawahi kuziangalia hivyo.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Wiki iliyofuata alikwenda kwa kwado wa kona yetu hapa Katuba, yule fundi anayeziba matairi pembeni ya barabara, akamkatisha tairi kuukuu la lori vipande vinne vipana, vikaning'inizwa nyuma ya magurudumu ili vizuie kokoto. Vilikuwa virefu mno. Vilikokota chini na kuvuma hata majirani wakajua saa tunayotoka na saa tunayorudi. Kisha akaja bwana wa mjini na karatasi ya plastiki isiyoonekana, ya kubandika mbele yote ya gari. Ilionekana. Ilijaa mapovu ya hewa, na mume wangu akawa anayatoboa kwa sindano yangu, moja moja, kila Jumamosi.

Halafu zikaja sheria. Sheria ya kwanza: hatukai nyuma ya lori. Tukiona lori mbele, tunapunguza mwendo mpaka libaki dogo kama kiberiti. Lakini Lubumbashi ukiacha nafasi barabarani mtu anaingia, na mara nyingi anayeingia ni lori lingine, basi tunapunguza tena. Tulikuwa tukifika kanisani padri akiwa katikati ya mahubiri, na watu wote wanageuka kutuangalia, familia yenye gari kubwa inayochelewa kuliko wanaokuja kwa miguu. Sheria ya pili: watoto hawaruhusiwi kuegemea mlango. Sheria ya tatu: gari halitoki kwenye lami. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomfikia mama yangu.

Mama anakaa Ruashi, katika nyumba aliyoiacha baba, ambaye alifanya kazi ya reli mpaka mwisho. Kutoka kwenye lami mpaka mlangoni kwake ni robo saa kwa miguu yangu, kwake ni zaidi ya nusu saa. Njia hiyo watu wa mtaa wameijaza wenyewe matofali yaliyovunjika na mawe yenye ncha, ili kuziba mashimo ya mvua. Na mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, ila siku hizo alikuwa akiona mwanga na vivuli tu, na sura yangu akiijua nikikaribia sana. Daktari alikuwa ameandika jina lake kwa ajili ya operesheni. Tulikuwa tunangoja siku moja tu, siku ambayo wapasuaji wa macho wangefika kutoka nje na kufanya kazi katika hospitali moja mjini kwa muda mfupi, kisha waondoke.

Kila Jumapili tulimchukua aje kula kwetu, na kila Jumapili tulimshusha kwenye lami. Mimi nilimshika mkono tukaenda kwa miguu, nikarudi peke yangu, na kumkuta mume wangu anafuta vumbi. Nilimwambia mara ngapi? Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa hasira, nikamwambia mbele ya watoto. Alijibu kwamba mama mwenyewe hajalalamika hata siku moja.

Kweli hakulalamika, na angelalamikaje? Sisi watu wa kaskazini, wa upande wa Mitwaba, mama mkwe na mkwe wake wana heshima yao. Hawaangaliani usoni, hawapeani mkono, hawali sahani moja, na neno likitakiwa kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu linapita kwa mtu wa tatu. Mtu huyo ni mimi. Hebu fikiria gari moja: mume wangu yuko kwenye usukani, mama yuko nyuma yake kabisa, angeweza kumpapasa kisogo, na mama ananiambia nimwambie bwana yangu kwamba anamshukuru kwa safari. Mume wangu amesikia. Anangoja niseme. Nasema. Ananiambia nimwambie mama kwamba hakuna shida. Mama amesikia, naye anangoja. Miaka kumi na moja nimefanya kazi hiyo bila mshahara.

Mama alikuwa ameniuliza mapema, tukiwa wawili kwenye yale mawe, kwa nini gari haliji mpaka nyumbani. Nilimweleza: mawe yanarushwa na magurudumu, yanatoboa rangi, na bwana yangu anaugua rangi. Nilisema kwa dhihaka. Yeye hakucheka. Aliuliza ni sehemu gani hasa inayogongwa, nikamwambia mbele, kwenye kapo.

Mwezi mmoja baadaye akanipigia simu.

"Kapo ya ile mutuka iko na urefu gani? Pima na mikono yako."

Nilitoka nje, nikapima kwa mikono, nikampa jibu. Akapiga tena jioni, akataka kujua upana, na kama kuna mahali pa kufungia. Akapiga siku ya tatu.

"Nikiweka kamba kumi na mbili, upepo haitaibeba?"

Nilimwambia zinatosha, hata sita zinatosha. Alisema ataweka kumi na mbili.

Kitambaa kilikuwa tayari baada ya majuma mengi. Alikuwa amekusanya vitenge vyake vya zamani, vya sherehe za akina mama wa parokia, akaviweka tabaka tatu, na katikati akatia blanketi. Jirani yake alimtungia uzi kwenye sindano, mengine yote alishona kwa kupapasa. Mshono ulikwenda kama kuku aliyelewa. Yeye aliyewashonea mabibi harusi wa mtaa mzima! Vidole vyake vilikuwa vimechomwachomwa na sindano. Akanikabidhi akisema nimpelekee bwana yangu, ni cha gari lake, basi. Nikampelekea na maneno hayohayo, sikuongeza wala kupunguza.

Mume wangu aliguswa sana. Alisema hajawahi kuona mama mkwe wa namna hiyo. Akakifunga kwenye gari jioni ileile, uani, gari likiwa limesimama, na tangu siku hiyo kila likilala lilivishwa kitambaa, kamba zote kumi na mbili. Asubuhi alizifungua moja moja, akakikunja vizuri na kukiweka nyuma pamoja na gurudumu la akiba, tukaondoka. Barabarani hakukitumia, alisema mawe yangekitoboa na hiyo ingekuwa kumkosea mama heshima. Tuliwahi hata kucheka, mimi na yeye, kuhusu wingi wa zile kamba. Gari lililosimama uani linahitaji kamba kumi na mbili za nini?

Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema. Nyumba yetu ilikuwa na macho manne mazima.

Kisha siku ya operesheni ikatangazwa. Mama alitakiwa awe hospitali saa moja asubuhi, bila kula. Mara hii niligombana mpaka nikashinda. Mume wangu aliniangalia, akashusha pumzi, akasema, "Umuambie mama, kesho tunafika mpaka ku mulango." Nikampigia simu na kumwambia. Mama akajibu sawa, na mimi nikaelewa kwamba sawa ni sawa.

Tulitoka kumepambazuka. Kwenye barabara ya Ruashi tukakuta mbele yetu lori la mgodi, limejaa mawe, turubai limefunika nusu tu. Mume wangu akapunguza mwendo. Nikamwambia leo siyo siku yake. Akasema anajua, ni kidogo tu. Gari moja likatupita likaingia katikati, kisha basi, kisha lori la pili. Akapunguza tena. Nilikuwa nimeshika saa mkononi kama mtu anayeshika panga. Tulichelewa saa nzima kwenye barabara ambayo mtoto wa shule angetupita kwa baiskeli. Nilisema maneno ambayo sitayaandika, na kila moja lilistahili.

Tulipofika pale kwenye lami tunapomshushaga kila Jumapili, mama alikuwa pale. Alikuwa ameketi chini, mgongo umeegemea ukuta wa duka lililofungwa. Kitenge chake cha kanisani, kile alichokitunza kwa siku hiyo, kilikuwa na vumbi mpaka kifuani. Alikuwa ameona tunachelewa, akawaza kwamba mkwe wake anahangaika jinsi ya kuingiza gari kwenye mawe, akaona amwondolee aibu hiyo. Akatoka peke yake, kwa miguu, kwa macho yale. Alianguka karibu na mwisho. Viganja vyake vilikuwa vimejaa vipande vya matofali, na juu ya jicho la kulia nyama ilikuwa imechanika, damu ikishuka shavuni.

Tulimwingiza garini. Nikawa namfuta damu kwa leso, ananizuia, anasema nitandike kitu kwanza ili kiti kisichafuke. Kisha akauliza.

"Kile kitambala nilishona, munaiwekaka wapi?"

Nilimwambia tunakifunga usiku, gari likiwa limelala.

"Nilishona ya njia," akasema. "Nilisema, bakifunika ile kapo, mabwe haitaifanya kintu, na mutuka itafika mpaka kwangu."

Hakuniambia nimwambie bwana yangu. Hapakuwa na haja, na kwa mara ya kwanza mume wangu hakunisubiri. Aliendesha. Aliyafuata malori kwa karibu mpaka nikasikia kokoto zikipiga mbele kama mahindi yanayokaangwa, akawa anayapita, mkono kwenye honi, macho yamejaa maji. Tulifika. Muuguzi aliangalia kile kidonda juu ya jicho, akamwita daktari, na daktari akasema hawezi kupasua jicho lolote, hata la kushoto, usoni kukiwa na kidonda kibichi. Kikipona, alisema, watamfanyia. Kilipopona, wale wapasuaji walikuwa wameshaondoka. Jina la mama limerudishwa kwenye orodha, tunangoja warudi, na hakuna anayetuambia lini.

Nimemkasirikia mume wangu kwa muda mrefu, na bado sijamaliza. Siku ile ile jioni alimrudisha mama mpaka mlangoni kwa njia ya mawe, na tangu hapo ni mlangoni kila Jumapili. Plastiki ameibandua. Kapo sasa imetapakaa madoa kama kanga, na rangi ya kucha hajaniomba tena.

Jumapili iliyopita, kabla ya kuingia ndani kwake, mama alisimama mbele ya gari na kuweka kiganja juu ya kapo. Alianza kuipapasa. Kidole chake kilipata shimo moja, kikasogea, kikapata lingine, polepole, kama anayetafuta mahali mshono ulipofumuka. Mume wangu alikuwa hatua mbili nyuma yake, anatazama pembeni kama mkwe anavyotakiwa.

Mama akaniambia nimwambie kwamba kitambaa kile hakikuwa na nguvu, atashona kingine. Mume wangu akaniambia nimwambie mama asishone, gari litafika tu, lifunikwe lisifunikwe. Nikayafikisha yote mawili kwa watu waliokwisha kusikia. Kisha nikasema neno langu mwenyewe, ambalo halikutoka kwa yeyote kati yao. Nilimwambia mama kwamba mimi ndiye niliyepima ile kapo kwa mikono yangu, na mimi ndiye niliyesikia habari ya kamba na upepo, na sikumwuliza kitu.

Mama hakuondoa mkono kwenye kapo.

"Njo vile, ni kweli," akasema. "Nilikuwa nakungojea uniulize."