Kipindi Kimoja cha Michezo kwa Wiki

Wenzangu mliosoma shule za msingi za vijijini huku kwetu, wakati sare ilikuwa moja na ilifuliwa Jumamosi, mtanielewa nikisema kwamba hatukufundishwa michezo. Tulitolewa darasani tukacheze, basi. Kijijini kwetu, jirani na Kichiwa, Njombe, siku ilianza na mchakamchaka kabla jua halijavuka mikaratusi. Mwezi wa saba majani yalikuwa meupe kwa sakitu, ule umande ulioganda, tunayakanyaga pekupeku yanalia kama bisi kwenye kikaango, na miguu ikishakufa ganzi unaendelea kukimbia kwa sababu ukisimama ndipo inapouma. Mbele yetu anakimbia Mwalimu Mwalongo, ambaye alisimamia michezo, akatufundisha hesabu na kilimo, na Jumapili akaongoza kwaya kanisani. Alikuwa mrefu na mkimya, na uwanjani alikuwa na sentensi moja tu: "Aliyechoka anyooshe mkono, nimwongezee mzunguko." Katika miaka saba sikuona mkono uliopanda.

Mpira wa pete tulichezea pete za mianzi zilizofungwa kwenye nguzo mbili, moja imesimama na nyingine imeinama kama mtu aliyetoka kilabuni. Wavulana walikuwa na mpira wao wa matambara na nailoni. Sisi wasichana mchezo wetu hasa ulikuwa rede: wawili wanasimama huku na huku wanarushiana mpira, wengine mko katikati mnakwepa, ukiguswa unatoka. Mpira wenyewe ni soksi kuukuu iliyoshindiliwa maganda ya mahindi, na ukikupata mgongoni asubuhi ya baridi unausikia mpaka kwenye meno. Tukitoka hapo tunapitia shamba la mchungaji kuiba mafyulisi mabichi yenye manyoya, tunayala kwa chumvi iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari. Nyumbani mama anakupokea kwa viazi vya kuchemsha na swali lake lilelile, "Sweta liko wapi?" Alama zako za hesabu angeziuliza siku nyingine.

Leo nafundisha sekondari Makambako. Nina mwanafunzi wa kidato cha pili anayeshushwa na bodaboda getini, anatembea hatua kama thelathini mpaka darasani, anakaa, halafu anahema. Nikimwambia abebe madawati mawili kwenda maabara ananitazama kama nimemtukana. Nusu ya uwanja wetu imepandwa miparachichi, maana parachichi huku sasa ndiyo habari ya mjini, na nusu iliyobaki wageni na walimu wanaegesha magari.

Mwezi wa pili mkuu wangu wa shule aliniita ofisini. Wamiliki wetu wana shule tano, kati ya Njombe na Makambako, na walikuwa wameamua kila shule iwe na kipindi cha elimu ya michezo kwa wiki, chenye mtaala ulioandikwa.

"Mama Mligo, wewe ulicheza mpira wa pete enzi zako," alisema. "Nimekuingiza kwenye kamati. Bodi inakaa mwisho wa mwezi. Wakiona mtaala haueleweki, kipindi hicho kinakwenda kwa hesabu."

Nilifurahi. Nilidhani nitaandika kurasa mbili.

Tulikuwa watatu, tukikutana Njombe mjini katika chumba cha mikutano chenye baridi ya kukufanya ushike kikombe cha chai kwa mikono miwili hata chai ikiisha. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Sanga, mwalimu wa taaluma, mtu mwenye suti ya kijivu na kompyuta ambayo hakumruhusu mwingine kuigusa. Wa tatu alikuwa Upendo, binti mwenye umri wa mwanangu wa kwanza, aliyekulia Manda kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na ambaye aliandika kila kitu kwenye simu kwa vidole gumba viwili.

Sanga alikuwa tayari ameshapakua mtaala wa nchi fulani kutoka mtandaoni na kuutafsiri. Ukurasa wa tisa ulitaka bwawa la kuogelea lenye maji ya uvuguvugu. Hapa Njombe, ambako mwezi wa saba mtu anaoga kwa kujishauri. Ukurasa wa kumi na nne ulitaka magongo na kofia ngumu za kila mchezaji.

"Sisi Manda bwawa letu lilikuwa ziwa," Upendo alisema taratibu, "na sikumbuki kama kuna mtu alitupashia maji."

"Hivyo ni viwango," Sanga alijibu. "Tunaviweka, utekelezaji utafuata."

"Tuvifute," nilisema.

"Mama, huwezi kufuta kiwango."

Hapo tulikaa saa nzima. Kisha tukahamia kwenye tofauti kati ya umahiri mkuu na umahiri mahususi, na hapo tukakaa siku mbili. Siku ya tatu, saa saba mchana, tulikuwa na kurasa ishirini na sita, na neno kukimbia lilikuwa halijatokea popote. Palikuwa na "kuonesha uwezo wa kuhamisha mwili kutoka eneo moja hadi jingine". Nilimuuliza Sanga kama mtu anayekwenda chooni naye anahesabiwa. Hakucheka.

Nikaweka kalamu chini nikawahutubia. Niliwaambia habari za sakitu, nguzo iliyoinama na Mwalimu Mwalongo aliyefanya yote hayo bila hata karatasi moja. Niliwaambia sisi wote tulicheza, darasa zima, na hakuna aliyetupima. Nilikuwa nimepandisha sauti. Sanga alikuwa anafuta miwani.

"Mama," Upendo aliuliza, vidole vikiwa bado kwenye simu, "na ambaye hakuweza kukimbia mlikuwa mnamweka wapi?"

"Alikuwa analinda masweta," nilijibu upesi, kama mtu aliyeulizwa bei ya nyanya.

"Nani huyo?"

"Enesia."

"Kwa muda gani?"

"Miaka yote saba."

Upendo aliiweka simu mezani, kioo kikiangalia chini, akanitazama, na mimi nikatazama dirishani.

Enesia tulikaa naye dawati moja. Aliugua akiwa mchanga, mguu wake wa kushoto ukabaki mwembamba, akawa anatembelea fimbo. Kipindi cha michezo kikianza, Mwalimu Mwalongo alimwambia kwa upole, "Wewe pumzika, mwanangu," naye alikaa kwenye jiwe pembeni mwa uwanja. Sisi tulimrushia masweta tukipita mbio, mengine yakimfunika kichwa, na tukirudi tulikuta ameshayakunja na kuyapanga. Katika miaka yote niliyosimulia habari za uwanja ule, kwa wanangu na kwa wanafunzi, sikuwahi kumtaja. Sikumficha. Sikuwa nikimwona tu. Jioni ile kwenye Coaster ya kurudi Makambako nilikasirika njia nzima, kwanza kumkasirikia Upendo, na tulipokaribia mjini nikajua si yeye niliyemkasirikia.

Enesia ana duka la pembejeo pale Makambako, mbegu, mbolea na dawa za mimea. Huwa napita, tunasalimiana, naondoka. Kesho yake nilipita nikakaa.

"Kamwene, dada," nilimsalimu.

"Kamwene. Leo umekaa, kuna msiba?"

Nilimweleza habari za kamati. Alicheka sana aliposikia bwawa. Kisha nikamuuliza kama anakumbuka kipindi cha michezo.

"Nakumbuka masweta," alisema. "Ningeweza kukwambia sweta la nani kwa kunusa tu. La kwako lilinuka moshi. La Tumaini lilinuka maziwa."

"Tulikukosea."

"Mlikuwa watoto." Alimhudumia mteja aliyetaka mbegu za kabichi, akamrudishia chenji, akasubiri atoke. "Mwalimu ndiye aliyekuwa mtu mzima. Na hakuwa mbaya, alinionea huruma. Lakini mguu wangu ndio uliokuwa mgonjwa. Mikono ilikuwa mizima. Rede ni kurusha mpira, au siyo? Anayerusha anasimama palepale alipo. Miaka saba, hakuna aliyefikiri kunisimamisha pale."

Nilikuwa nimeicheza rede maelfu ya mara, na jambo hilo dogo, kwamba anayerusha hakimbii, halikuwahi kupita kichwani mwangu.

"Nyumbani nilikuwa narusha mawe," aliendelea. "Kulikuwa na mkaratusi nyuma ya zizi. Nilikuwa naupiga palepale ninapotaka, kumi kwa kumi. Mama alidhani nafukuza nyani."

"Ungeandika wewe huo mtaala, ungetaka nini?"

Alifikiri kidogo, mkono juu ya mfuko wa mbolea. "Kuchoka. Nilikuwa nawaona mnarudi mmechoka, mnasukumana, mnacheka. Mimi nilirudi nimepumzika kila siku. Nilitaka nami siku moja nifike nyumbani mama anikandie mikono."

Nilirudi Njombe na karatasi moja. Niliandika kwamba kila mwanafunzi, kwa mwili alionao, acheze mpaka achoke, na kwamba mwalimu asimkalishe mtu pembeni kabla hajamtafutia nafasi ndani ya mchezo. Chini yake nikaorodhesha michezo: rede, kuruka kamba, mpira wa pete, kuvuta kamba, mbio. Mbele ya kila mchezo Upendo aliandika jinsi atakavyoucheza mtu asiyeona vizuri, mwenye pumu, au mwenye mguu mmoja wenye nguvu. Aliandika haraka kuliko nilivyosema, na kwa mara ya kwanza nilivisamehe vile vidole gumba.

Sanga aliisoma mara mbili. "Kuchoka hakupimiki," alisema.

"Mwalimu, wewe umewahi kuchoka?"

"Ndiyo."

"Ulijuaje?"

Alirudi kwenye kompyuta yake. Baadaye alisema bodi haitalipokea neno hilo, akaandika "kufikia kiwango cha juu cha juhudi binafsi", nami nikasema sawa, kwa sababu hapo mwenyewe nilikuwa nimeshakifikia. Alilifuta bwawa kwa mkono wake. Magongo aliyabakiza, nadhani kwa heshima yake.

Bodi ilikaa. Mkuu wangu aliniambia walibishana muda mrefu, na kwamba mjumbe mmoja aliuliza kama kipindi hicho kisingeweza kufundishwa darasani, ubaoni, ili watoto wasichafuke. Mwisho walipitisha. Kipindi kimoja, dakika themanini, Ijumaa baada ya saa nane, wakati kila mtu ameshachoka na wiki. Miparachichi haing'olewi. Magari yatahamishwa Ijumaa, dereva wa shule akikumbuka.

Ijumaa ya kwanza dereva hakukumbuka. Nilizunguka ofisi moja hadi nyingine nikiomba funguo za magari, nusu saa ikapotea. Wanafunzi wa kidato cha pili walikuwa wamejipanga ukutani, mikono mifukoni, na swali lao la kwanza lilikuwa kama hii inakuja kwenye mtihani. Nilisema haiji. Wakaniuliza kama ni lazima basi. Nikasema ndiyo. Niliwagawa, nikawawekea warushaji huku na huku, nikaingia katikati mimi mwenyewe na viatu vyangu vya ofisini, nikapigwa mpira wa kwanza begani. Walicheka, na wakishacheka kazi inakuwa nyepesi. Dakika kumi baadaye walikuwa wanapiga kelele hadi mwalimu wa hesabu akafunga dirisha.

Muda ulipoisha walijitupa kwenye majani kati ya miparachichi, mvuke ukiwatoka vichwani kwa baridi. Binti mmoja, Witness, mwenye miaka kumi na minne na mwerevu kuliko nusu ya darasa, alikuja nilipokuwa nimeinama nahema. Alikuwa ameweka kiganja kifuani na uso wake ulikuwa na hofu.

"Madam," aliniuliza kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie, "moyo kupiga hivi ni kawaida?"

Nilimwambia ni kawaida, avute pumzi taratibu, utatulia. Alibaki amesimama pale, kiganja kifuani, anausikiliza. Sisi katika umri wake tusingeuliza swali hilo. Sauti ile tuliijua kabla hatujajua kusoma.