Mkono wa Kushoto wa Evarista

Kwa misimu kumi na tisa Evarista aliinama katika majaruba ya Madibira akipandikiza mpunga, na katika misimu hiyo yote hakuna aliyemwuliza mgongo wake unaishi kwa kula nini. Alizaliwa Kilolo, akamaliza kidato cha nne akiwa na alama nzuri ya biolojia, kisha akaolewa huku bondeni. Wenzake wanane wa kundi la upandaji walimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki.

Chakula cha mchana kilikuwa sehemu ya mapatano yao na shamba: makande, pawa mbili kwa kila mtu. Mwaka huu msimamizi, Philbert, kijana mpole aliyeamini mashine kupita kiasi, alikuja na saa ya kuhesabu hatua na kalori. Alfajiri alimvisha Evarista saa hiyo mkono wa kushoto. Saa saba mchana aliisoma mbele ya sufuria.

"Mama, tangu asubuhi umetumia kalori mia tatu na arobaini. Pawa mbili zina mia nane. Kuanzia kesho upawa mmoja unatosha."

Yudith, mpishi, aliachia mwiko. Zamani mtu alinyimwa chakula kwa ubahili, na kila mtu akajua ni ubahili. Sasa ananyimwa kwa takwimu, tena anatarajiwa kushukuru! Evarista alikasirika, lakini alinawa tope kwanza.

"Philbert mwanangu, hebu ivae wewe mchana huu. Mkono huohuo."

Philbert aliivaa, akazunguka juu ya matuta na mwavuli wake, akionyesha kidole huku na huko. Jioni saa ilimpa mia nne na kumi.

"Kumbe mpandaji ni wewe!" wanawake waliangua kicheko. "Yudith, mpakulie baba wa watu, mwavuli umemchosha!"

Evarista alirudi jarubani, akainama, akaegemeza kiwiko cha kushoto gotini, fungu la miche mkononi. Mkono wa kulia ulichomoa mche, ukachomeka, ukachomoa, ukachomeka.

"Umeona? Wa kushoto kazi yake ni kutulia. Saa yako imeona mkono uliotulia, ikadhani mwenyewe nimekaa barazani."

"Basi tuifunge kulia."

"Kosa litapungua, halitakwisha. Haijui tope linavyoning'ang'ania miguu. Halafu nikilala, moyo wangu unadunda kwa nguvu za nani?"

Philbert alimrudishia saa. Walipatana kwamba Evarista aivae siku nzima, alfajiri hadi alfajiri, na pawa mbili zisiguswe mpaka hapo.

Siku hiyo ilipotimia, Evarista alimpelekea saa na kumfungulia Philbert ukurasa ambao kijana huyo hakuwahi kuufikia. Wa kwanza, aliouzoea, ulihesabu shughuli peke yake: mia sita na ishirini. Uliofuata ulitoa jumla ya siku: elfu moja mia tisa na sitini.

"Hizi nyingine zimetoka wapi?"

"Kupumua. Kutunza joto la mwili. Kusaga hayo makande yenu. Mwili hula hata usipopiga hatua. Na jumla hii nayo ni makisio ya mkono uliotulia. Mimi nasema ukweli uko juu zaidi."

Philbert aliisoma mara mbili. Kisha alikunja suruali, akaingia jarubani, akaomba fungu la miche. Mstari wake ulipinda kama njia ya mbuzi, na mara tatu alisimama kunyoosha kiuno huku wanawake wakimpongeza kwa vigelegele vya kejeli.

Mchana alipanga foleni wa mwisho, sahani kaishika kwa mikono miwili. Yudith alimpakulia upawa mmoja, akangoja.

"Na wa pili, dada," alisema Philbert kwa sauti ndogo.

Evarista alisogea, akampa nafasi tutani. Sahani yake mwenyewe ilikuwa imejaa, makande yanafuka moshi, na upepo wa mpunga mchanga ulikuwa ukimkausha tope miguuni. Alikula taratibu, bila kuhesabu.